Jibu Hili Lilipatikana kwa Mgonjwa Gani?

Kwenye ripoti ya asubuhi, pale waliokesha wanapowakabidhi wenzao wagonjwa wapya, mwalimu wetu mmoja ana swali ambalo hachoki kuliuliza. Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ataeleza mgonjwa wake vizuri, atataja mwongozo wa kimataifa alioufuata na kiwango cha dawa alichoandika. Mwalimu humwacha amalize, halafu humuuliza kwa upole: "Sawa, daktari. Jibu hilo lilipatikana kwa mgonjwa gani?"

Hatafuti jina la jarida wala mwaka. Anataka tufikirie wale waliofanyiwa utafiti walikuwa akina nani. Walikuwa na umri gani? Walikuwa na VVU? Walikuwa na damu ya kutosha mwilini? Hospitali yao ilikuwa na mashine za kupumulia? Na je, wanafanana na huyu mama aliyeletwa usiku akiwa amekonda, ana homa, na hajala siku tatu?

Nasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani kaskazini mwa Tanzania. Kwa asiyeijua fani hii, sisi ndio tunaowahudumia watu wazima ambao ugonjwa wao hautibiki kwa kisu: moyo, mapafu, figo, ini, kisukari, presha, damu, TB, VVU na homa za kila namna. Ukishamaliza miaka mitano ya udaktari na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, unarudi darasani na wodini kwa pamoja, na unagundua kwamba mengi uliyoyakariri yana masharti ambayo hakuna aliyekuambia. Swali la mwalimu wetu ndilo lililonipa namna ya kuyatafuta masharti hayo. Nimeamua kuandika baadhi ya niliyojifunza kwa sababu najua wapo wadogo zangu wanaojiandaa kuingia kwenye njia hii, na wapo pia wagonjwa na ndugu wanaojiuliza kwa nini madaktari tunauliza maswali mengi kiasi kile.

Nianze na homa, maana ndiyo inayojaza vitanda vyetu.

Mzee mmoja mfugaji kutoka nyanda za chini aliletwa kwetu akiwa na homa ya zaidi ya mwezi. Jioni inapanda, usiku jasho linalowanisha shuka, asubuhi anaamka afadhali. Mgongo wa chini ulimuuma kiasi kwamba hawezi kuinuka bila kushikwa. Mwanawe alikuwa na mfuko wa plastiki uliobeba safari yao yote: vyeti vya zahanati, karatasi za maduka ya dawa, dawa mseto ya malaria zaidi ya mara moja, siprofloksasini ya taifodi, sindano za masaa, na majibu ya Widal, kipimo cha taifodi, yaliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi kila kilipofanywa. Dawa ya malaria ilitolewa hata hivyo.

Kuhusu Widal niseme kidogo, kwa sababu kipimo hiki kinawagharimu watu fedha nyingi. Kinapima kingamwili, na kingamwili hudumu. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyepatwa na maambukizi mengine yanayokaribiana, anaweza kuonekana ana taifodi leo wakati hana. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu au uboho. Widal moja pekee, bila ya pili ya kulinganisha, haitoshi kumpa mtu wiki mbili za antibayotiki.

Mwalimu wetu alivuta kiti akaketi. Akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba. Hakuanza na homa, alianza na mvua.

"Huko kwenu majani yapo mwaka huu, mzee?"

"Yapo kidogo."

"Na mbuzi wanazaa vizuri?"

Mzee, ambaye tangu afike alikuwa akijibu kwa neno moja moja, alijigeuza taratibu akamtazama. "Hawazai. Wanatupa."

"Wengi?"

"Wengi. Tangu kiangazi."

"Wakitupa, nani anawasaidia?"

Mzee alionyesha mikono yake miwili. Mwanawe akaongeza kwamba baba ndiye anayezalisha zizi lote, na kwamba maziwa ya asubuhi huyanywa palepale, yakiwa bado na joto la kiwele.

Wafugaji wanaufahamu ugonjwa wa kutupa mimba kuliko tunavyodhani. Kwa binadamu bakteria huyohuyo wa brusela huingia kwa maziwa mabichi, kwa kondo la nyuma na maji ya uzazi yanayogusa mikono yenye michubuko, na huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho, maumivu ya viungo na mgongo. Damu ya mzee ilipelekwa kuoteshwa, na maabara wakaambiwa kwa simu tunachokishuku. Hilo si jambo dogo: bakteria huyu huota taratibu, na ni hatari kwa mtaalamu wa maabara anayefungua sahani bila kujua anashughulika na nini.

Hapo ndipo swali la kibingwa lilipokuja. Brusela ya uti wa mgongo na TB ya uti wa mgongo zinafanana mno kwa nje. Zote huchukua miezi, zote hukondesha, zote huleta jasho la usiku. Kwa kawaida TB hupenda pingili za juu kidogo na huzila hadi mgongo ukapinda, wakati brusela hupenda za kiunoni na huharibu kidogo zaidi, lakini mgonjwa mmoja hajui kanuni hizo. Dawa za brusela zinazotajwa vitabuni ni doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na rifampisini, au doksisaiklini na sindano za streptomaisini au jentamaisini. Sasa rifampisini na streptomaisini ni dawa za TB. Ukimpa mtu mwenye TB isiyojulikana rifampisini bila wenzake, unamfundisha mdudu wa TB kuizoea dawa tunayoitegemea kuliko zote. Daktari wa nchi ambako TB ni nadra hana haja ya kusita. Sisi tunayo. Tuliandika doksisaiklini na jentamaisini, rifampisini ikasubiri mpaka tujiridhishe kuhusu TB, na kwa kuwa mgongo umehusika, doksisaiklini ikapangwa kwa wiki 12 badala ya sita.

Damu iliota brusela. Mwanawe alirudi nyumbani akiwa na maelekezo ya kuchemsha maziwa, barua kwa ofisa mifugo, na ombi kwamba mama na wadogo zake waje wapimwe.

Kwa nini nasimulia hili kwa urefu? Kwa sababu mwaka 2007 hadi 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto kwa watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, wakapima kila walichoweza kupima. Waliokuwa wameandikiwa malaria na madaktari ni 528, zaidi ya nusu. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Kundi kubwa lilikuwa na maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: leptospira, riketsia za kupe, homa ya Q, brusela. Jambo hili hunigusa kila ninapolisoma, kwa sababu wale si wagonjwa wa nchi ya mbali. Ni majirani zetu, na huenda baadhi yao walikufa wakiwa wanatibiwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Tangu wakati ule kipimo cha haraka cha malaria kimefika hadi zahanati za vijijini, na hali imebadilika. Mazoea ndiyo yanayochelewa. Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walipata homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, hofu ikaenea nchi nzima, na hatimaye ikathibitishwa kuwa ni leptospira, ambayo Wizara ya Afya ilituambia inaitwa pia homa ya mgunda. Kwa wiki chache kila mtu alijua kwamba mkojo wa wanyama unaweza kuleta homa. Kisha tukarudi kuuliza maswali yaleyale matatu: homa tangu lini, unatapika, umeharisha?

Naomba nisieleweke vibaya. Malaria bado inaua, na mgonjwa wa Kigoma, Geita au Mtwara si mgonjwa wa Moshi. Mtu mwenye kipimo chanya apewe dawa yake leo hii. Ninachosisitiza ni kwamba kipimo kikiwa hasi, kazi ndiyo imeanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mazungumzo. Unafanya kazi gani? Mashamba ya mpunga? Machinjioni? Nyumbani kuna panya? Umeumwa na kupe? Mwingine nyumbani ana homa? Maswali haya hayana bei, na wodi yoyote inayo.

Swali la pili ambalo limenisumbua zaidi ya mengine ni la maji.

Mgonjwa ameletwa na presha ya 80 kwa 40, mapigo yanakimbia, ana homa, amechanganyikiwa. Tunaita sepsisi: maambukizi yamevuruga mwili mzima. Kila daktari kijana anajua la kufanya, yaani kuotesha damu, antibayotiki haraka, na dripu. Miongozo ya dunia kwa miaka mingi imetaja mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za mwanzo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu lita mbili.

Imani hiyo katika maji mengi na mapema ilipata nguvu kubwa mwaka 2001 kutokana na utafiti uliofanyika Detroit, Marekani, ambako vifo vilishuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Tuulize swali letu. Wale wa Detroit walikuwa kwenye idara ya dharura yenye mashine za kupumulia karibu, mirija ya kupima oksijeni ndani ya mshipa mkubwa, na wahudumu waliowaangalia kwa karibu.

Mwaka 2011 yakaja matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Muheza mkoani Tanga, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, wakati wasiopewa ilikuwa 7.3. Wengi hawakuamini. Tukasema hao ni watoto, wengi wana malaria na upungufu wa damu, watu wazima ni tofauti. Mwaka 2017 yakaja matokeo ya Lusaka, Zambia, kwa watu wazima zaidi ya 200 wenye sepsisi na presha ya chini, karibu tisa kati ya kumi wakiwa na VVU. Waliofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walipata kama lita tatu na nusu katika saa sita, wenzao lita mbili. Vifo hospitalini: asilimia 48.1 kwa kundi la kwanza, 33.0 kwa la pili.

Nimesoma namba hizo mara nyingi nikiwa zamu ya usiku. Mtu aliyekonda, mwenye damu kidogo, ambaye huenda mapafu yake yana TB, ukimjaza maji yanaenda kwenye mapafu. Kule Detroit akishindwa kupumua anawekewa mashine. Kwetu vitanda vya uangalizi maalumu ni vichache na mara nyingi vimejaa.

Kwa hiyo nini kinafanyika? Hatuachi kutoa maji. Tunatoa kidogo, kisha tunarudi kitandani. Kabla ya chupa na baada ya chupa unahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukisia, unaangalia oksijeni kidoleni, unaweka stethoskopu chini kabisa ya mgongo, pande zote mbili, kusikia kama kuna mlio mwembamba wa kukatikakatika ambao haukuwepo. Pumzi zikipanda kutoka 24 hadi 32, maji yanasimama, hata kama presha bado haijaridhisha. Na kabla ya yote unauliza: huyu amepoteza maji wapi? Mwenye kipindupindu au sukari iliyopanda hadi damu ikawa na asidi ameyapoteza kweli, lita nyingi, na kumbania maji ni kumwua. Mwenye sepsisi ya TB iliyosambaa hakuyapoteza kwa njia ile. Presha inaweza kusoma sawa kwa wote wawili.

Upo upande mwingine wa swali hili, nao unanipa moyo: majibu yaliyopatikana kwa wagonjwa wetu wenyewe.

Dada mmoja alilazwa na kichwa kilichomuuma wiki mbili, akianza kuona vitu viwiliviwili. Alikuwa ameacha ARV kwa muda. Kipimo cha damu cha kriptokokasi, yule fangasi anayeshambulia utando wa ubongo, kilikuwa chanya. Tulihitaji kutoa maji ya uti wa mgongo. Shangazi yake, aliyekuwa akimuuguza, alikataa.

"Hapana mwanangu. Jirani yetu walimtoa maji ya mgongo, jioni akafa."

Kila daktari wa magonjwa ya ndani Afrika Mashariki amesikia kauli hii, na inastahili jibu la heshima, kwa kuwa shangazi hakubuni. Watu wanaotolewa maji ni wale walio hoi, na kipimo hufanywa siku ambayo hali tayari imeharibika. Nilimwamkia upya, tukatoka naye kibarazani. Nikamweleza kwamba kichwa kinauma kwa sababu maji yamejaa na yanausukuma ubongo na mishipa ya macho. Kwamba sindano inaingia chini, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha. Kwamba tukiyapunguza, maumivu hushuka, na tusipoyapunguza anaweza kupoteza macho au uhai hata tukimpa dawa nzuri. Akauliza swali zuri kuliko yote: "Mtayatoa mara moja tu?" Nikamwambia ukweli, kwamba pengine kila siku kwa siku kadhaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nimfanyie, lakini awepo chumbani.

Tulitumia mrija wa dripu uliosimamishwa wima pembeni ya rula, kwani kipimo maalumu cha presha ya maji hayo hakikuwepo siku ile. Maji yalipanda, yakapita sentimita 25 ambazo ndizo mpaka wa wasiwasi, yakaendelea kupanda. Tukatoa taratibu. Kabla hatujaondoa sindano dada alisema kichwa kimekuwa chepesi. Shangazi alikuwa amemshika mkono muda wote.

Miaka ya nyuma tiba yake ilikuwa amfoterisini ya mshipani kila siku, dawa inayoshusha potasiamu, inayochosha figo na kukausha damu, na inayohitaji vipimo vya mara kwa mara ambavyo hospitali nyingi hazivimudu. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, mililigramu 10 kwa kilo, pamoja na flusaitosini na flukonazoli za kumeza kwa siku 14. Vifo ndani ya wiki 10 vilikuwa asilimia 24.8 kwa tiba hii na 28.7 kwa ile ya amfoterisini ya kila siku kwa siku saba, na madhara yalikuwa machache zaidi. Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa chaguo la kwanza mwaka huohuo. Hapo swali la mwalimu lina jibu linalofurahisha. Mgonjwa yule ni huyu wetu: ana VVU, amechelewa kufika, amelala kwenye wodi kama yetu.

Hata swali la lini arudishiwe ARV lilijibiwa karibu nasi. Ukimwona mtu mwenye VVU hana dawa, mkono unawasha kuandika ARV kesho asubuhi. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa ugonjwa huu wa kripto kuanza mapema, ndani ya wiki mbili, kunaongeza vifo. Tunasubiri wiki nne hadi sita. Ni vigumu kumweleza mgonjwa kwamba dawa tuliyomsihi kwa miaka asiiache, sasa tunamwomba aisubiri. Tulimweleza yeye na shangazi pamoja, tukaandika tarehe kwenye kadi ya kliniki.

Kisukari nitakigusa kwa ufupi, ingawa kingeweza kujaza kurasa. Kijana mmoja wa vibarua vya ujenzi alikuwa akilazwa mara kwa mara kwa sukari iliyopanda hadi anapoteza fahamu. Faili lake lilikuwa nene na kila mara limeandikwa kwamba hafuati masharti. Rezidenti mwenzangu alimuuliza: "Mdogo wangu, jana ulikula nini, na saa ngapi?" Alikuwa amekula mara moja, usiku, akitoka kazini. Insulini aliyoandikiwa ni ile ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, ambayo inamtaka mtu awe na chakula cha mchana cha uhakika. Aliwahi kuanguka akiwa juu ya jukwaa la ujenzi kwa sukari kushuka, na tangu siku hiyo sindano ya asubuhi hakuichoma. Uamuzi wake ulikuwa na akili. Dozi zilipangwa upya kufuata mlo alionao kweli, ikazungumzwa namna ya kuweka insulini kwenye chungu chenye mchanga wa maji kwa kuwa hana friji, na akafundishwa kubeba sukari mfukoni. Tiba aliyokuwa nayo mwanzo ilipangwa kwa mtu anayekula mara tatu kwa siku.

Na figo. Nadhani hakuna mahali ambapo swali letu linaonekana wazi kama kwenye karatasi ya kreatinini. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Figo zikilegea, inapanda kwenye damu, na kwa hesabu fulani tunakadiria figo zinasafisha kiasi gani. Mojawapo ya hesabu hizo, ya mwaka 2009, ilikuwa na kipengele cha kuzidisha jibu kwa 1.159 kama mgonjwa ni mweusi. Namba hiyo ilitokana na Wamarekani weusi. Programu za simu zetu zilikuwa zikituuliza rangi ya mgonjwa, nasi tukajaza, na mama wa kilo 38 akapewa figo bora kuliko alizonazo. Mwaka 2021 kipengele hicho kikaondolewa.

Kuondoa kuzidisha hakujamaliza tatizo. Chukua mama wa miaka 55, kilo 38, kreatinini mikromoli 95 kwa lita. Karatasi ya maabara inaweza isiweke alama ya hatari. Iko ndani au karibu kabisa na kiwango cha kawaida. Tumia hesabu ya zamani ya mwaka 1976, inayotia uzito wa mwili, na utapata kama mililita 35 kwa dakika. Figo zimeshapungua zaidi ya nusu. Misuli imekwisha, kwa hiyo kreatinini inayotengenezwa ni kidogo. Mtu huyo akipewa dozi kamili ya dawa zinazotolewa na figo, au vidonge vya maumivu vya kununua dukani kwa wiki kadhaa, tunamsukuma kuelekea mashine ya kusafisha damu, ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Siku hizi kwenye raundi zetu mgonjwa aliyekonda lazima apimwe uzito kabla dozi haijaandikwa. Asiyeweza kusimama kwenye mizani anapimwa akiwa ameshikwa na ndugu, kisha ndugu anapimwa peke yake na tunatoa.

Kila anayesomea ubingwa lazima aandike tasnifu. Mimi nimechagua maji. Nataka kujua mtu mzima mwenye sepsisi kwenye wodi ya kawaida anapata maji kiasi gani hasa katika saa 24 za mwanzo, tofauti na yaliyoandikwa kwenye faili, na pumzi zake zinabadilikaje. Utaratibu ni rahisi: kila chupa ya dripu inabandikwa plasta yenye mstari na saa, na anayeipita anaandika maji yamefika wapi. Mchana mambo yanakwenda vizuri. Usiku sista mmoja au wawili wanabeba wodi nzima, na chupa iliyotundikwa saa sita inaweza kuwa imeisha saa saba au ikawa bado nusu alfajiri. Tumewaomba wanafunzi wa uuguzi wa zamu ya usiku wachukue vipimo kila saa mbili. Wamekubali, na wao ndio walionishauri nihesabu pia maji ya uji na soda ambayo ndugu huwanywesha wagonjwa, kitu ambacho pendekezo langu halikuwa nacho. Nimeliongeza jedwali hilo, na karatasi mpya zinaanza kutumika wodi ya wanawake wiki hii.